Kibao cha Karibu

Hodi ya kwanza ilibishwa siku ya Jumanne, saa saba mchana, jua likiwa utosini, na Yunisi aliijibu bila kufikiri kama anavyojibu mtu yeyote aliyelelewa.

"Karibu mwanangu! Mlango uko wazi."

Alikuwa jikoni akichambua maharage. Alisema "mwanangu" kwa sababu sauti ilikuwa ya Grace, binti yake wa pekee, aliyekuwa na mazoea ya kuivuta hodi yake mwishoni kama mtu anayetaka kuanza wimbo. Akatoka na ungo mkononi hadi sebuleni. Hapakuwa na mtu. Barazani hapakuwa na mtu. Uani kuku wake wawili walikuwa wamesimama shingo juu, wanautazama mlango, hawadonoi.

Ndipo alipokumbuka kwamba Grace alikuwa Dodoma. Akampigia.

"Niko kazini, mama. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimekukumbuka tu."

Alipokata simu alisikia harufu ya chumvi, harufu kali kama ya chungu cha maji ya chumvi kilichosahaulika motoni kikakauka. Akarudi jikoni akafunua sufuria zote. Hakuna iliyoungua.

Hakulihusisha jambo hilo na kibao kilichokuwa juu ya mlango. Angekihusishaje? Kile ndicho kilichokuwa fahari yake ya mwaka mzima.

Yunisi alifundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na minne, na alipostaafu mikono yake ilibaki haina kazi. Mumewe, Ferdinand, aliyekuwa na duka la vipuri vya malori hapo Tunduma, karibu na mpaka, alimwonea huruma. Siku moja alivuka hadi Nakonde, upande wa Zambia, akarudi na mashine iliyokwisha kutumika: msumeno mdogo wa umeme wenye bledi nyembamba kama uzi, inayopanda na kushuka palepale kama sindano.

"Hii ni cherehani ya mbao, Mama Grace," alisema. "Badala ya kushona, inatoboa nakshi."

Kumfundisha kulikuwa kazi ya Andongwisye, fundi seremala kijana wa Kindali aliyekuwa na karakana njia ya kwenda Mpemba. Wiki ya kwanza Yunisi alivunja bledi kumi na moja. Fundi hakucheka hata mara moja.

"Usiusukume ubao kwa hasira, Mwalimu," alikuwa akimwambia. "Upeleke taratibu. Kwenye kona, simama kwanza, ndipo ugeuke. Na herufi zenye tumbo, kama A na B, toboa kwanza kwa keekee, upitishe bledi humo ndani, ukate kutokea katikati."

Alijifunza kubandika karatasi yenye herufi juu ya plaiwudi, kufuata mstari, kusugua kwa msasa, kupaka vanishi. Kufikia mwezi wa tisa alikuwa akitengeneza vibao vya majina, akiwapa wanakwaya wenzake katika harusi na vipaimara. Watu walivipenda. Na yeye alipenda ile saa ya kutoa, mtu anapofunua gazeti na kukuta jina lake limesimama kwenye mbao.

Mwezi wa kumi na moja, Joshua, mdogo wake Ferdinand, alikuja kutoka Ivuna alikokuwa akinunua na kuuza chumvi. Alishusha garini mbao tatu za mninga, nzee, nzito, nyekundu kama nyama iliyokaushwa.

"Shemeji, nasikia siku hizi wewe ni fundi," alisema. "Nimekuletea mbao za maana, achana na plaiwudi. Ukiniuliza mimi, usiandike majina humu. Andika KARIBU. Mtu akipewa kibao cha karibu, nyumba yake yote inapata heshima."

Wazo lilimpendeza. Kilichomshangaza ni kwamba Joshua, mtu wa kula na kuongea, siku ile alikunywa chai akiwa amesimama, akaaga kabla kikombe hakijapoa, na alipoulizwa habari za mkewe aliyefariki mwezi wa sita alisema tu, "Tunaendelea, shemeji," akawasha gari.

Alipozipeleka zile mbao karakanani, fundi alipitisha kidole ukingoni, akainama, akanusa.

"Huu ulikuwa mlango," alisema. "Hizi hapa tundu za bawaba."

"Basi utakuwa mkavu, hautapinda."

"Mwalimu, mimi sikati mlango ambao mwenye nyumba simjui."

Yunisi alicheka, lakini moyoni neno lile lilimwasha. Alijiambia kijana anamwonea wivu kwa kupata mninga wa namna ile. Akakata mwenyewe, nyumbani, peke yake.

Na ubao ule ulikatika kwa namna ambayo hajawahi kuiona. Haukutaka kusukumwa. Alipoigusisha bledi, ubao ulijivuta wenyewe, ukazunguka kona za K na R bila mkono wake kuongoza, akabaki anaufuata kama mtu anayeshikwa mkono na mtoto mwenye haraka. Unga wake haukuwa mwekundu. Ulikuwa mweupe, na ulipomrukia mdomoni ulikuwa na ladha ya chumvi. Chumvi ya Ivuna imeingia kwenye mti, aliwaza, si ajabu. Akatengeneza vibao vitatu kutoka mbao tatu. Kimoja akamwomba fundi akipigilie misumari juu ya mlango wake. Kimoja akampa Roda, rafiki yake wa kwaya. Cha tatu alikipeleka Iyula kwa dada yake Teresia, ambaye miezi minane iliyopita alimzika mwanawe Brayan baada ya ajali ya pikipiki, na tangu hapo nyumba yake ilikuwa haina mgeni.

Kwa hiyo ilipobishwa ile hodi ya Jumanne, vibao vyote vitatu vilikuwa vimekwisha kutundikwa.

Jumatano ilibishwa tena, saa ileile. Yunisi aliitikia kabla hajajizuia, na mara hii alisikia mkeka wa mlangoni ukikwaruzika, kama mtu aliyefuta miguu. Alhamisi alinyamaza, ameshika mdomo. Sauti ikabisha mara tatu, kwa upole, halafu ikasema, "Mama, nimechoka na safari." Aliitikia huku machozi yanamtoka. Kiti cha karibu na mlango kililia kama kinachokaliwa.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Badala yake akaanza kuwaangalia watu wa nyumbani kwake kwa jicho la pembeni. Ndipo alipogundua kuwa Ferdinand, mumewe aliyeishi naye miaka thelathini, alikuwa haingii tena kwa mlango wa mbele. Anazunguka nyumba nzima, anapitia jikoni.

Jumapili baada ya ibada Roda alimvuta kando, nyuma ya ukuta wa kanisa. Alikuwa na chupa ya maji mkononi na nyingine kwapani. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Yunisi, usinicheke," alinong'ona. "Tumpale amerudi."

Tumpale alikuwa mumewe, aliyevuka mpaka miaka mitatu iliyopita kwenda kutafuta maisha Zambia na hajaleta hata salamu.

"Amerudi lini?"

"Anabisha hodi mchana. Namwambia karibu. Nasikia anaingia, anakaa. Simwoni." Akanywa maji mpaka chupa ikalia. "Mwanzoni nilifurahi. Lakini sasa kila akikaribia nasikia kiu, na jana alikuwa karibu kiasi kwamba pumzi yake ilinigusa sikioni, na Yunisi, ile pumzi haikuwa na joto, wala haikuwa na baridi."

"Imeanza lini?"

"Siku ile tulipotundika kibao chako."

 Mtu wa kwanza kumjia Yunisi akilini alikuwa fundi. Si ni yeye aliyewapigia misumari vibao vyote viwili vya Tunduma? Si ni yeye ambaye watu wa Mpemba walisema anaishi peke yake, hana mke, na saa za mchana anafunga karakana na kukaa nje kwenye jua? Mji huu wa mpakani ulijaa habari za watu wanaofuga majini kwa ajili ya biashara. Hakungoja chakula cha mchana. Akaenda.

Andongwisye alikuwa amekaa nje, kwenye gogo.

"Umetupigia nini kwenye milango yetu, fundi?" Sauti ya Yunisi ilikuwa ya darasani. "Nakuuliza kama mama yako."

Kijana alisimama polepole. "Mwalimu, mbao zile nilizikataa mbele yako. Misumari nilipiga kwa sababu uliniomba, na nilishindwa kukukatalia mara ya pili."

"Na mchana kwa nini unafunga karakana?"

"Vumbi la mbao, Mwalimu. Kifua changu kibovu. Daktari alisema nipate hewa." Alimtazama, hakuonyesha kuudhika, na hilo likamwaibisha Yunisi zaidi. "Ngoja nikuonyeshe kitu. Ulipoondoka siku ile na mbao zako, kuna kipande kilichobanduka ukingoni ulikisahau."

Akaingia ndani akarudi na kipande cha mninga urefu wa kiganja, chenye tundu nne zilizopangana.

"Tazama. Hapa palikuwa na misumari ya inchi sita. Imeingilia upande huu, wenye rangi iliyochomwa na jua. Maana yake upande wa nje." Akashusha sauti. "Mtu akiogopa mwizi anafunga mlango kwa ndani. Mlango huu ulizibwa kutoka nje, Mwalimu. Kulikuwa na kitu ndani, na walitaka kibaki humo."

Jioni ile Yunisi alimngoja mumewe mlangoni pa jikoni. Ferdinand alipomwona amesimama pale alijua kwamba amekwisha kugunduliwa.

"Unamsikia nani?" Yunisi aliuliza.

Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mwanamume wa miaka sitini, akavua kofia. "Mama," alisema. "Namsikia marehemu mama."

"Na mbao, Baba Grace? Joshua alizitoa wapi?"

"Nyumba iliyobomolewa, alisema."

"Ya nani?"

"Sikuuliza." Akaikunja kofia mikononi. "Mama Grace, nilimwona shemeji yako yule kabla hajafa. Mke wa Joshua. Walikuwa wanamnywesha maji kwa jagi na bado analia kiu. Alikauka kama dagaa. Nilijiambia ni sukari. Sikutaka kuuliza, nikipata jibu ningelifanyia nini?"

Kesho yake alfajiri walipanda gari la kwenda Ivuna, wao wawili, vumbi la bonde la Momba likiwafunika mpaka nyusi. Hawakuanzia kwa Joshua. Walikwenda moja kwa moja kwenye meko ya wapika chumvi, wakauliza nani anajua nyumba iliyozibwa mlango, na watu wakaacha kukoroga vyungu vyao. Wakaelekezwa kwa bibi Ferista.

Alikuwa mwanamke mfupi, mikono yote imeungua na kupona mara nyingi. Walipomwamkia aliitikia bila kuacha kupuliza moto.

"Kwa hiyo ni ninyi mliochukua mlango wangu," alisema.

"Wako, bibi?"

"Niliupiga misumari mimi. Mwaka wa njaa." Akakung'uta majivu. "Nyumba ile walikufa watu watano kwa kiu, na mtungi wa maji umejaa katikati yao. Ni jini la mlangoni. Halina sauti yake, linaazima. Linachukua ile sauti ambayo mwenye nyumba angetoa roho ili aisikie inabisha. Ukilikaribisha mara moja, linapiga hatua moja. Ukilikaribisha tena, hatua nyingine. Mlango, kiti, meza, kitanda. Likifika kitandani, mtu haamki."

"Kibao kimeandikwa Karibu," alisema Yunisi, na alipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwake alitaka kulirudisha.

Bibi Ferista aliacha kupuliza moto. "Umelikaribisha kwa maandishi? Usiku na mchana?"

"Sikujua."

"Nani alikwambia uandike?"

 Ferdinand aliangalia pembeni.

"Sikiliza, mwanangu. Siwezi kulifukuza kwenu, wala mchungaji hawezi. Aliyesema karibu ndiye aseme sikukaribishi, mwenyewe, kwa kinywa chake, likiwa linamsikia, na awe anamaanisha. Halafu ashushe kibao kwa mkono wake. Akishushiwa na mwingine, linabaki. Mbao zote mniletee nizichome chini ya chungu. Kuna mwingine zaidi yenu?"

"Dada yangu. Iyula."

"Amefiwa?"

"Na mtoto."

Bibi Ferista alifumba macho. "Wahi," alisema.

Joshua walimkuta ghalani kwake, katikati ya viroba vya chumvi. Watoto wake walikuwa wanacheza nje. Aliwaona kaka yake na shemeji yake wanaingia, akaweka chini kiroba alichokibeba.

"Ulijua," alisema Yunisi.

"Niliuchukua mlango ule kwa ajili ya banda la mbuzi, shemeji. Sikujua. Mke wangu alipokufa, likaanza kubisha kwa sauti yake. Watoto ndio walikuwa wanaitikia." Alikuwa akinong'ona, anatazama nje. "Mtu mmoja aliniambia lina njia moja tu ya kuhama: likaribishwe kwingine. Nina watoto wanne, shemeji."

"Na mimi nina nani, Joshua?"

 Ferdinand alitoka nje bila kumpa mdogo wake mkono, na alikuwa hajawahi kufanya hivyo maisha yake yote.

Gari la kurudi walilipata Jumanne usiku, na Yunisi alilikataa jini nyumbani kwake Jumatano, saa saba. Lilibisha kwa sauti ya Grace, na alipolijibu, "Wewe si mwanangu, sikukaribishi," lilianza kulia kama Grace alivyokuwa akilia akiwa na miaka minne amefungiwa nje kwenye mvua, na ilimlazimu kushika kizingiti kwa mikono miwili mpaka amalize kuyasema tena maneno yale. Akakishusha kibao. Siku hiyohiyo Roda naye alishusha cha kwake, akitukana kwa Kinyiha matusi ambayo Yunisi hakujua kwamba mwanakwaya anayajua, akimwambia Tumpale wa uongo kwamba hata yule wa kweli asithubutu kurudi.

Ikabaki Iyula.

Alifika huko Alhamisi, saa nane mchana. Kahawa ilikuwa imeanza kuweka maua meupe kando ya njia, na mawingu ya mvua yalikuwa yamelala juu ya vilima. Teresia alimpokea akitabasamu. Yunisi hakuwa amemwona akitabasamu tangu mazishi, na tabasamu lile lilimtisha kuliko chochote alichokiona mpaka siku ile, kwa sababu lilikuwa kwenye uso uliobaki mifupa, ngozi imepauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi, na kila baada ya maneno matatu dada yake aliinamia ndoo, akachota, akanywa, akachota tena.

Mezani palikuwa na sahani mbili.

"Dada," alisema Yunisi taratibu, "kile kibao nilichokupa kina kasoro. Nimekuja kukuomba unishushie."

Tabasamu likaondoka. "Umekuja kunichukulia mwanangu."

"Si Brayan, dada."

"Unamjua kuliko mimi niliyemzaa? Anakuja kila siku saa tisa. Anakula hapa. Jana alikaa ukingoni mwa kitanda changu, nikausikia mgongo wake kwenye miguu yangu." Akanywa. "Leo nimemwambia alale. Amechoka, Yunisi. Acha mwanangu alale."

Yunisi alitazama ndani ya chumba cha kulala kupitia mlango uliokuwa wazi. Kibao alichokikata kwa mikono yake, alichokisugua kwa msasa siku mbili ili dada yake afarijike, Teresia alikuwa amekitoa mlango wa mbele na kukitundika pale, juu ya kitanda.

Angeweza kukirukia. Teresia hakuwa na nguvu ya kumzuia. Lakini alikumbuka maneno ya bibi Ferista, akaikunja mikono yake mapajani kwa nguvu mpaka ikauma.

"Sawa," alisema. "Sitakigusa. Naomba kitu kimoja tu. Akija, muulize jambo ambalo mnalijua ninyi wawili peke yenu. Akijibu sawasawa, nitaondoka, na nitamsalimia kwanza."

Teresia alimtazama muda mrefu. "Ataweza," alisema.

Wakakaa. Ngurumo ilipita mbali, upande wa Mlowo. Mbuzi waliokuwa wakilia nyuma ya nyumba wakanyamaza wote kwa pamoja, na harufu ya chungu kilichokauka ikaanza kuingia, kwanza hafifu, halafu nzito ya kukwaruza koo, na maji ndani ya ndoo yakawa yanashuka polepole ingawa hakuna aliyekuwa anachota, yanaacha mstari mweupe ukutani mwa ndoo, na Yunisi akasikia ulimi wake ukikauka na kushikana na kaakaa, na ndani ya kile chumba, si nje, si mlangoni, bali ndani, pale kitandani, mtu akageuka na kitanda kikalia, na sauti ya kijana wa miaka kumi na tisa, nzito kidogo, ya kivivu, sauti ambayo Yunisi mwenyewe aliisikia ikikua tangu ilipokuwa kilio cha uchanga, ikasema:

"Hodi, mama. Nilale?"

Mdomo wa Teresia ulifunguka. Yunisi alishika mkono wa dada yake, akautikisa.

"Muulize."

"Brayan," alisema Teresia, na sauti yake ilikuwa nyepesi kama karatasi. "Baba. Asubuhi ile, ulipokuwa unawasha pikipiki. Uliniambia nini?"

 Sauti ikajibu, tamu, bila haraka: "Nilikwambia nakupenda, mama. Nilisema nikirudi nitakuletea kitenge."

Yunisi alijua wameshindwa. Hata yeye moyo ulimlegea. Mama gani angelikataa jibu kama lile?

Lakini Teresia alikuwa ametulia kabisa. Aliuondoa mkono wake kwenye mkono wa Yunisi, akasimama, akishika meza.

"Tuligombana," alisema. Hakumwambia Yunisi. Aliuambia mlango. "Nilimwita mvivu. Nikamwambia amefanana na baba yake. Akaniambia, 'Nimechoka na wewe. Sitarudi tena kwenye nyumba hii.' Hayo ndiyo maneno aliyoniachia. Hakuna anayeyajua. Nimeyalalia miezi minane."

"Mama," sauti ilisema, "nimekusamehe."

"Wewe huna cha kunisamehe. Mimi sikukukosea wewe." Akaingia chumbani, na Yunisi nyuma yake akaona godoro limebonyea katikati kama chini ya mtu mzima, na juu yake hakuna mtu. "Mwanangu alisema hatarudi, na alikuwa mtu wa kushika neno lake. Wewe sikukaribishi. Hapa kwangu sikukaribishi, wala kitandani, wala mezani, wala mlangoni. Toka."

Sauti ikalia kama Brayan. Ikalia kama mtoto mchanga. Ikasema jina la Teresia kwa sauti ya marehemu mama yao, kisha kwa sauti ya Yunisi mwenyewe, ikiomba, ikibembeleza, na Yunisi akaziba mdomo wake ahakikishe si yeye anayesema, na sauti zilipokwisha zote, jini lilipokosa sauti nyingine ya kuazima, kilichobaki kilikuwa mlio mkavu kama chumvi inayomwagwa juu ya bati, mwingi, mrefu, ukipita kati yao, ukigusa nguo zao, ukivuka sebule na kizingiti. Godoro likainuka taratibu likawa tambarare.

Teresia alipanda juu ya kitanda, akanyoosha mikono yake iliyopasuka, akakishusha kibao.

Nje mvua ilianza. Alikaa palepale kitandani, kibao mapajani, akalia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi, kilio cha kupiga kifua, na majirani waliokuwa wanakimbilia kuanua kahawa yao walisimama njiani kusikiliza. Yunisi alimwacha alie. Giza lilipokaribia akamletea maji kikombeni. Teresia alikunywa nusu, akakirudisha.

"Ungeniambia, dada," alisema Yunisi. "Mzigo ule wa maneno, wote peke yako."

"Ningekuambia nini? Kwamba mwanangu aliondoka ananichukia?" Alijifuta uso kwa upande wa kitenge. "Lile neno tamu nililitaka, Yunisi. Mungu anajua nililitaka. Lakini si lake. Hili chungu ndilo lake, na ndilo nililobakiwa nalo. Siwezi kumwachia mtu mwingine alichukue."

Jumamosi walipeleka mbao Ivuna. Bibi Ferista alizihesabu, vibao vitatu na kile kipande cha fundi, akazisukumiza chini ya chungu kikubwa, na ziliwaka kwa moto wa kijani usiokuwa na moshi mpaka maji ya chumvi yakachemka na kufurika. Joshua alikuja akasimama mbali, karibu na mbuzi, kofia mkononi, anangoja aitwe. Ferdinand alimwona. Yunisi alimwona. Teresia, ambaye hakuwa amemkosea mtu yeyote pale, alimtazama kwa muda, kisha akageuka bila kumwita, akaendelea kuchochea kuni.